Heshima Isiyokopwa: Wito kwa Majirani wa Kigera

Hapa kwetu Musoma mtu hahitaji kalenda ili ajue mwezi umefika wapi. Anatazama tu mifuko ya vijana. Wakati wa giza, mitumbwi ya dagaa ikishatoka jioni na taa zake zikasambaa ziwani usiku kucha, pesa inakuwepo: chipsi kuku zinaagizwa, bodaboda inakodiwa siku nzima, muziki unasikika hadi barabara ya lami. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa tena, nyavu zinaanikwa, na yule yule aliyewanunulia watu wa meza nzima juzi anakwenda kwa Mangi mwenye duka kuomba kilo moja ya sembe iandikwe kwenye daftari. Giza likirudi, mambo yanaanza upya. Matajiri wenye mitumbwi wanalijua hilo, akina mama wanaoanika dagaa wanalijua, na wenye baa wanalijua kuliko wote.

Siandiki haya kuwasema wavuvi. Anayewasema wavuvi na hajawahi kulala ziwani upepo ukageuka, angoje kwanza. Nimeanza nao kwa kuwa kwao jambo liko mchana kweupe, kila mwezi. Kwetu sisi wa mishahara, wa maduka na wa vikundi, jambo ni lile lile ila limefunikwa na mkopo. Mvuvi anatumia alichopata jana. Sisi tunatumia tutakachopata mwakani, kama tutakipata.

Na tunakitumia kununulia nini? Hapo, ndugu zangu, ndipo ninapoomba tukae chini tuambiane ukweli. Kochi jipya hatukulinunua kwa sababu la zamani lilikuwa halikaliki. Simu ya laki nane haiiti kwa sauti nzuri kuliko ya laki mbili. Tunachokinunua ni macho ya jirani. Tunataka tukipita watu waseme, "Na huyu naye yupo." Ni kiu ya kuheshimiwa, nayo si dhambi, binadamu asiyetaka kuheshimiwa mimi bado sijamwona. Lakini heshima hiyo hakuna duka linaloiuza. Tunaigawa sisi wenyewe. Ni mimi na wewe tunaosimama kumwamkia aliyeshuka kwenye gari, tukampita kimya mwalimu mstaafu aliyetufundisha kusoma, naye anakokota baiskeli yake jua la saa saba. Mtoto anatuona, mke anatuona, kijana wa bodaboda anatuona. Kila mmoja anajifunza hapo hapo kwamba katika mtaa huu ukitaka kuonekana mtu, uwe na kitu. Asiye nacho atakitafuta kwa kausha damu.

Ndiyo maana nauleta wito huu kwa majirani. Sina la kuiambia serikali ambalo haijaambiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, Benki Kuu inatoa leseni na kuzinyang'anya, na mwishoni mwa 2024 ilitangaza hadharani majina ya makumi ya programu za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Vizuri sana. Ila mwenye kiu ukimfungia kisima kimoja atatafuta kingine, na kiu hii tunaitengeneza sisi.

Kausha damu mnaijua, sina haja ya kuieleza sana. Lakini kwa wale wa mbali watakaosoma: ni mkopo unaotoka haraka, bila maswali mengi, na marejesho yake ni ya kila wiki. Akina mama wanakaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, kila mmoja na kitabu chake, afisa mikopo akiwa na pikipiki pembeni. Hakuna anayeondoka hadi hesabu itimie. Mmoja akikosa, wenzake wanachanga kumfidia, na siku hiyo urafiki wa miaka unakatika. Akikosa tena, vinakuja kubebwa vitu: televisheni, mtungi wa gesi, makochi yale yale yaliyoingia kwa vigelegele, wakati mwingine hadi sufuria, watoto wakiwa wamesimama mlangoni. Kuna wanawake wa mkoa huu waliozikimbia nyumba zao kwa sababu ya siku ya marejesho. Na ukiuliza mkopo ulikuwa wa nini, mara nyingi sana, kabla ya kufika kwenye biashara au ada ya shule, utasikia sherehe.

Harusi ndiyo uwanja mkuu wa mambo haya. Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia na zaidi, hukuulizwa. Jina la bwana harusi unalisikia kwa mbali. Katibu ameshapandisha orodha, jina lako lipo namba fulani, mbele yake nafasi wazi inakungoja. Kadi ya mtu mmoja kiasi hiki, ya wawili kiasi kile. Kila jioni orodha inapandishwa upya, na aliyelipa anawekewa alama ya vema. Asiyelipa hasemwi kwa maneno, anasemwa kwa ile nafasi iliyobaki tupu. Kabla hujamaliza ya huyu, kuna kitchen party ya yule, kuna sendoff, kuna kipaimara ambacho nacho siku hizi kina MC na mpambaji. Bwana harusi na bibi harusi wenyewe, siku mbili baada ya ukumbi, wanahesabu deni la keki. Wahenga walilimaliza hili kwa maneno manne, kukopa harusi, kulipa matanga, na sijaona kamati yoyote iliyoweza kuwakanusha.

Sisemi tusioane kwa furaha. Harusi ya watu wa ziwa bila ngoma na samaki wa kutosha itakuwa harusi gani? Ninachouliza ni kwa nini furaha hiyo ipimwe kwa rangi ya vitambaa vya ukumbi.

Kwenye misiba ndiko roho inauma zaidi. Mtu anaugua miezi sita. Anahitaji nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, anahitaji vipimo, mkewe anapita nyumba kwa nyumba na bahasha na inarudi na elfu kumi na nane. Akifa, ndani ya siku mbili zinapatikana milioni: jeneza la kung'aa, fulana zenye picha yake, mahema, muziki, mpiga picha, hata mtu wa kurusha mazishi mtandaoni. Pesa ile ilikuwepo siku zote. Haikutoka wakati ule kwa sababu kumlipia mgonjwa vipimo hakuna anayekuona, na kuchangia jeneza jina lako linasomwa kwa kipaza sauti. Ukali huu najielekezea na mimi pia.

Lakini hapo hapo msibani pana jambo moja tunalolifanya sawasawa, na kila nikilisikia najua bado hatujapotea. Kabla ya kwenda makaburini, msemaji wa familia anasimama na kutangaza: kama yupo anayemdai marehemu, aje aione familia; kama yupo anayedaiwa na marehemu, naye aje. Mtu ana viwanja, ana gari, ana shahada zimening'inia ukutani, na neno la mwisho la hadhara juu yake ni hilo. Alikaaje na watu? Aliondoka na cha mtu? Desturi hiyo hatukuletewa na mradi wowote, ni yetu. Ninachoomba ni swali hilo tulianze mapema kidogo, mtu angali hai na anaweza kulifurahia jibu lake.

Kwa maana furaha ya namna hiyo ipo, na inaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia. Angalia daftari la Mangi. Kuna majina ambayo akiyaona anafunga daftari, anasema sukari imeisha, ingawa mfuko uko wazi nyuma yake. Kuna jina lingine, la mama muuza mboga asiye na hata meza, ambalo mtoto akitumwa nalo anapewa sukari, sabuni na unga bila kuulizwa lini. Mangi hajui chochote juu ya akaunti yake. Anajua kwamba kwa miaka yote mama yule akisema Ijumaa, ni Ijumaa. Mama huyo ana kitu ambacho mwenye gari la mkopo hana: analala. Hodi ikipigwa alfajiri hashtuki.

Au shuka mwaloni asubuhi ukanunue dagaa, umwangalie anayepima. Kisado ni kile kile cha plastiki kila mahali, lakini mikono inatofautiana. Yupo ambaye kisado chake kimebonyezwa kitako kwa ndani, na anajaza kwa kurushia rushia ili dagaa wakae kwa hewa. Ukifika nyumbani unagundua umeuziwa robo tatu. Na yupo anayetikisa ili wajae vizuri, anajaza mpaka kilima kinasimama, anakusukumia kwenye mfuko, halafu anachota tena kwa kiganja: "Na hii nyongeza ya watoto." Nyongeza ile ni gramu chache. Mteja anarudi kwake miaka kumi. Chema chajiuza. Tena hebu mtazame usoni anapotoa kile kiganja cha mwisho, utajua kwamba faida aliipata pale pale, kabla hujarudi mara ya pili. Anajisikia mtu. Hakuna anayeweza kumchukulia hilo kwa pikipiki siku ya marejesho.

Sasa, sisi wa Mara tuna sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili, na wakati mwingine naona aibu kwamba wageni wanalijua kuliko sisi. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama akaja kuanza darasa la kwanza Shule ya Mwisenge, hapa hapa mjini. Watoto wetu wanapita mbele ya shule hiyo wakiwa na mabegi yao mgongoni. Yaliyofuata yako vitabuni: Tabora, Makerere, Edinburgh, uhuru wa 1961. Mimi napenda kusimama kwenye kipindi kimoja ambacho hotuba za kila Oktoba hukiruka.

Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu. Alikuwa na shahada ya Edinburgh aliyoipata 1952, wakati ambapo Watanganyika wenye shahada walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alikuwa na mshahara wa uhakika, mke, na familia changa. Akatakiwa achague, ualimu au siasa za TANU. Akaacha kazi. Chama hakikuwa na pesa za kumlipa mtu vizuri, naye akarudi huku kwetu kwa miezi kadhaa, akawa anamfundisha Kizanaki padre wa Maryknoll na kutafsiri maandishi ya dini.

Hebu tumweke mtu huyo Kigera ya leo. Msomi aliyesoma Ulaya, karudi nyumbani, hana kazi, hana usafiri, anamfundisha Mzungu lugha ya bibi yake. Tungesemaje kijiweni? Najua tungesemaje. Tungesema kachanganyikiwa, wamemroga. Wazazi wangewaonya watoto wao: soma, lakini usiishie kama yule. Miaka sita baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru, lakini sipendi kuitumia hiyo kama malipo ya mwisho wa hadithi, maana alipoiacha ile kazi hakuwa na hakika ya lolote. Alikuwa na hakika ya nafsi yake tu, na miezi ile ilimtosha.

Aliendelea hivyo hivyo baada ya kupata kila kitu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia mishahara ya wakubwa. Aliwatimua chuoni, jambo ambalo watu wanabishana juu yake hadi leo, lakini siku hiyo hiyo alikiri kwamba mishahara ile ni mikubwa mno na akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi: asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mkewe, Mama Maria, mwenyeji mwenzetu wa mkoa huu, alikuwa na mradi wake wa kuku. Akauachia.

Mnajua yaliyolipata Azimio. Februari 1991, Zanzibar, chama kililegeza masharti yale. Wengine husema hapo ndipo nchi ilipouzwa. Mimi nasema masharti yalikuwa yameshakufa mioyoni kabla hayajafa kwenye karatasi. Sheria inaweza kumkataza mtu asiwe na nyumba ya kupangisha. Haiwezi kumfanya aridhike na ile anayoishi. Ataiandikisha kwa jina la shemeji. Kuridhika hakuamrishwi na mkutano mkuu. Kunalelewa nyumbani, mezani na mtaani, na watu wanaotuzunguka ndio wanaokuza moyo huo au kuuzima.

Alipong'atuka Novemba 1985, Mwalimu alirudi Butiama kulima. Alicheza bao na wazee wenzake, alisali, aliandika; Injili na vitabu vingine vya Biblia akavigeuza tenzi. Nyumba kubwa iliyopo Mwitongo alijengewa na Jeshi la Wananchi kama zawadi, ikamalizika mwaka ule ule wa 1999 aliofariki, hata hakuikalia muda mrefu. Na kuna jambo dogo linalonichekesha kila nikiwaza kausha damu. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Tunaukumbuka kwa ile ratili ya nyama ya mwili ambayo mkopeshaji aliidai mahakamani. Tunasahau mkopo wenyewe ulikuwa wa nini. Kijana mmoja, aliyekwisha kuponda mali yake kwa kuishi kifahari, alitaka pesa ili aende kuposa akiwa amependeza, rafiki yake akamkopea. Yote yale, hadi kisu kunolewa mbele ya hakimu, yalianza na gharama za posa. Mwalimu aliutafsiri kabla ya WhatsApp, lakini kamati ilikuwa ndiyo ile ile.

Najua kuna watakaonijibu kwamba Mwalimu huyo huyo alituachia foleni za sukari na sabuni, na kwamba ni rahisi kuhubiri kuridhika ukiwa na Ikulu nyuma yako. Foleni zilikuwepo, mwanzoni mwa miaka ya 80 watu walivaa viraka na kuoga bila sabuni, na sehemu ya lawama ni ya sera zake. Simleti hapa kama mchumi. Wala siwaambii kwamba umaskini ni tabia njema. Paa linalovuja halimfundishi mtu utu. Mama anayetembea na ndoo kutafuta maji hana haja ya somo la kuridhika, ana haja ya bomba. Kijana anayetaka mtumbwi wake mwenyewe na injini yake, anataka kitu cha haki, na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo kwa ajili hiyo. Akaiombe na aidai. Mtu akija kukuambia uridhike na njaa, muulize yeye amekula nini leo. Ninachozungumzia ni kile tunachoongeza baada ya kushiba, na kile tunachokopa kabla ya kushiba.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana wa kiume mia kadhaa, kwanza wanafunzi wake, baadaye wakaunganishwa na wengine wa mitaa maskini ya Boston, na kimeendelea nao na familia zao hadi leo. Wamepimwa damu, wamehojiwa, wamefuatwa majumbani. Walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Karibu miaka tisini ya utafiti, na wazee wetu wangewaambia bure: mtu ni watu. Lakini si vibaya kuthibitishiwa.

Basi naomba nini?

Kwanza nawaomba mama zangu na dada zangu wa vikundi, maana ninyi ndio mnaoshika nyumba. Kwenye VICOBA vyenu mwanachama akitaka kukopa kwa ajili ya sherehe, muulizeni kwa upole kama angekopa kama hakuna ambaye angemwona. Asifokewe, aulizwe tu. Na kama mwenzenu ameshaingia kausha damu, msimpige vijembe. Afadhali mumsaidie atoke kwa mkopo wa kikundi wenye riba ya kibinadamu kuliko kumwacha akope huku alipe kule.

Kamati za harusi, tafadhali, msimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza. Orodha isipandishwe na nafasi tupu mbele ya majina. Aliye na elfu tano atoe, apewe kiti kama mwenye laki. Na wachumba mlioamua kufunga ndoa ibada ya asubuhi mkala pilau nyumbani kwa mzee, msijitetee kwa mtu. Sisi tutakaokuja tuje tumevaa vizuri, tuwachezee hadi jioni, tena tuwapongeze kwa sauti kubwa ili wengine wasikie.

Wagonjwa. Hili naliomba kwa mikono miwili. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, mchango wake uliwekwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Piga hesabu mwenyewe: kadi moja ya watu wawili kwenye harusi ya kifahari ingezikatia bima kaya tatu kwa viwango vile. Napendekeza kila mtaa uwe na daftari la wagonjwa kama tulivyo na daftari la rambirambi, na balozi au mjumbe apite nalo mtu akiwa bado kitandani. Majina ya waliochangia yasisomwe popote.

Wadogo zangu wa mwaloni, wa bodaboda na wa machimbo ya huko Buhemba, mmesikia mahubiri mengi na hamjayapenda, wala sina haki ya kuwaongezea. Nitasema moja tu. Pesa ya giza iwe na daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Na pale kijiweni mnapompa mtu sifa, mpeni yule aliyemrudishia abiria simu yake aliyoisahau. Sasa hivi sifa zote anazipata aliyeshinda mkeka wa kubeti, na mkeka wenyewe anaonyesha ule ulioshinda, ile arobaini iliyochanika haonyeshi.

Nanyi wazee wangu. Watoto wanakua bila kuwasikia. Wanajua bei ya kila simu na hawajui ni nani mtaani kwetu aliwahi kuokoa watu mtumbwi ulipozama, wala ni nani aliyelea yatima watatu kwa jembe. Wasimulieni. Mkiwasalimia, msiwaulize tu wamekuwa wa ngapi darasani. Waulizeni wamemsaidia nani.

Halafu twendeni Butiama. Ni siku moja kwenda na kurudi: unapanda gari hadi Makutano, unaingia barabara ya Butiama. Oktoba 14 ni sikukuu, shule zimefungwa, lakini siku yoyote inafaa na pengine ile isiyo na misafara ya viongozi inafaa zaidi. Makumbusho yako pale Mwitongo tangu Julai 1999. Waonyesheni watoto kaburi la Mwalimu na makaburi ya wazazi wake, waonyesheni vitabu vyake, maelfu ya vitabu, waonyesheni na yale majabali ya pale. Msiwahubirie njiani. Waacheni waulize wenyewe kwa nini rais wa miaka ishirini na zaidi alirudi kukaa hapa.

Mambo mengine hayawezi kusubiri safari. Wenyeviti wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024 wanaitisha mikutano, nasi mara nyingi hatuendi, tunaulizia tu kama kulikuwa na soda. Safari hii twende. Ajenda zitakuwa za takataka, ulinzi shirikishi na barabara, kama kawaida, na ni sawa. Mwishoni patakuwa na "mengineyo". Hapo nitanyoosha mkono na kuleta mawili tu: daftari la wagonjwa, na ombi kwa kamati za sherehe kuhusu majina na nafasi tupu. Najua katibu atasema muda umekwisha. Nawaomba watatu au wanne mliosoma haya mkae safu ya mbele, mseme bado upo.